Rejista za Hali katika Vyombo vya Kupimia: Tangu HP-IB hadi HiSLIP

Rejista ya hali ni kikundi cha biti ndani ya chombo cha kupimia cha kielektroniki, na kila biti hueleza jambo moja tu kuhusu chombo hicho: kipimo kimekamilika au bado, amri imeeleweka au haikueleweka, jibu liko tayari kuchukuliwa, joto limepita kiasi, umeme ulikatika ukarudi. Programu inayoendesha chombo husoma biti hizo, na kabla ya kuzisoma huwa imekwisha kukiagiza chombo ni zipi kati yake zinazostahili kukatiza kazi ya kompyuta. Kazi hiyo ya kuagiza na kusoma ndiyo kupanga rejista za hali. Huonekana ndogo, lakini bila hiyo mfumo wa kupimia unaojiendesha wenyewe hauaminiki: kompyuta itapokea namba na kuiandika kwenye faili bila kujua kwamba voltimeta ilikuwa imezidiwa, au kwamba masafa ya jenereta yalikuwa hayajatulia. Waliounda mfumo huu walikubaliana juu ya nyaya kufikia mwaka 1975. Kukubaliana juu ya maana ya yanayopita ndani ya nyaya hizo kuliwachukua miaka 15 mingine.

Katika miaka ya 1960 vipimo vya tarakimu vilikuwa vimeanza kuchukua nafasi ya vile vya mshale. Voltimeta ya kidijiti iliweza kutoa kipimo chake kupitia plagi ya nyuma kwa mfumo wa BCD, ambapo kila tarakimu hubebwa na nyaya nne. Kipimo cha tarakimu sita kilidai nyaya 24 kwa tarakimu peke yake, na nyingine zikaongezwa kwa alama ya hasi, mahali pa nukta na ishara ya kuiambia printa ichape. Kila chombo kilihitaji kadi yake ndani ya kompyuta, na kadi iliyoundwa kwa voltimeta ya kampuni moja haikufaa kwa kihesabu masafa cha kampuni nyingine. Kuhusu hali ya chombo hapakuwa na utaratibu wowote wa jumla. Mbunifu aliyetaka kompyuta ijue kwamba kipimo kimezidi upeo aliongeza waya wa kusema hivyo, asiyetaka aliacha.

Hewlett-Packard ya Marekani ililihisi tatizo hili kuliko wengi, kwa kuwa ilitengeneza vyombo vya aina nyingi katika vitengo vilivyofanya kazi kila kimoja kivyake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wake walikuwa wakibuni njia moja ya kuviunganisha vyote. Matokeo yalielezwa katika jarida la kampuni, Hewlett-Packard Journal, toleo la Oktoba 1972, katika makala ya Donald Loughry na nyingine ya Gerald Nelson na David Ricci. Mfumo ulikuja kuitwa HP-IB. Ulikuwa na nyaya 16 za ishara: nane za data, tatu za kupokezana, na tano za usimamizi. Nyaya tatu za kupokezana zilihakikisha kwamba baiti haiondolewi mpaka msikilizaji aliye mzito kuliko wote awe ameipokea, na kwa njia hiyo printa ya polepole na kompyuta ya kasi ziliweza kuketi kwenye kebo moja bila kupotezeana habari. Vyombo hadi 15 viliweza kuunganishwa, na urefu wa kebo zote kwa jumla usizidi mita 20.

Kati ya nyaya tano za usimamizi, mmoja ndio uliozaa historia yote inayofuata. Uliitwa SRQ, yaani waya wa ombi la huduma. Vyombo vyote vimeunganishwa kwenye waya huo kwa namna ambayo chombo chochote kinaweza kuuvuta chini hadi karibu na volti sifuri, na ukishavutwa na kimoja hubaki chini hata vingine vikiuachia. Kwa hiyo kidhibiti, ambacho kwa kawaida ni kompyuta, hujua mara moja kwamba kuna anayehitaji kusikilizwa. Kisichokijua ni nani. Ombi hili ni hodi: linasikika ndani, lakini halitaji jina la aliye mlangoni.

Ili kumjua mbisha hodi, wabunifu waliweka uhoji wa zamu. Kidhibiti hutuma amri ya kuanzisha uhoji, ambayo ni baiti yenye thamani 24, kisha hukiteua chombo kimoja kiwe msemaji. Chombo hicho, badala ya kutoa kipimo, hutoa baiti moja tu: baiti ya hali. Biti namba 6, yenye thamani 64, ikiwa ni moja, basi chombo hiki ndicho kilichoomba. Biti saba zilizobaki hueleza sababu. Kidhibiti huendelea na chombo kingine, na kingine, kisha hufunga uhoji kwa baiti yenye thamani 25. Chombo kilichoomba kikishahojiwa huachia waya wa SRQ. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kutoa baiti ya hali hakukuhitaji chombo kielewe sentensi yoyote. Hata kama ubongo wake ulikuwa umezama katika kipimo kirefu, saketi za mlangoni ziliweza kujibu zenyewe. Baadaye saketi hizo zilipoingizwa katika chipu moja, kama TMS9914 ya Texas Instruments au µPD7210 ya NEC, rejista ya uhoji ilikaa ndani ya chipu hiyo, na programu ya chombo ilihitaji tu kuijaza upya kila hali ilipobadilika.

Kulikuwa pia na uhoji wa pamoja. Hapo vyombo hadi vinane hupewa kila kimoja waya wake kati ya nyaya nane za data, na vyote hujibu kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa biti moja. Ni njia ya kasi ya ajabu, kwani majibu hutakiwa kuwa tayari ndani ya nanosekunde 200. Hata hivyo haikupendwa sana. Biti moja kwa chombo kizima ni habari chache mno, na kugawa nyaya kulidai mpangilio ambao wengi hawakuona faida yake.

Safari ya mfumo huu kutoka mali ya kampuni hadi kiwango cha dunia ilikuwa fupi kwa kipimo cha mambo ya viwango. Mwaka 1972 Marekani ilianza kushiriki katika kazi ya tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, juu ya suala hili, na kamati yake ya ushauri ikauchukua mpango wa Hewlett-Packard kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 1975 taasisi ya wahandisi IEEE ilichapisha kiwango namba 488, na mwaka 1978 ikakirekebisha. Toleo la IEC, namba 625, lilifanana nalo karibu katika kila kitu isipokuwa plagi: IEEE ilichagua ya pini 24, IEC ikachagua ya pini 25, aina ileile iliyokuwa ikitumika kwenye nyaya za modemu. Watengenezaji wengine, ambao hawakutaka kutumia jina la mshindani wao, waliuita mfumo huo GPIB, na ndilo jina lililoenea. Umaarufu wake ulivuka maabara: kompyuta ya Commodore PET ya mwaka 1977 iliutumia kuunganisha diski zake.

Kiwango cha 1975 kilieleza kwa undani wa kupendeza jinsi baiti inavyosafiri kutoka chombo hadi chombo. Juu ya maana ya baiti hiyo kilinyamaza. Kuhusu baiti ya hali, kiliweka biti ya 6 peke yake. Nyingine saba ziliachwa kwa mtengenezaji. Uamuzi huo ulieleweka kwa wakati wake, maana kamati iliyotaka kupatanisha kampuni nyingi ingekwama miaka mingi kama ingeanza kubishana juu ya lugha ya voltimeta. Lakini gharama yake iliwaangukia waandishi wa programu.

Multimeta ya HP 3478A ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 inaonyesha hali ilivyokuwa. Katika baiti yake ya hali, biti ya 0 ilisema kipimo kiko tayari, ya 2 ilisema amri ina kosa la sarufi, ya 3 kwamba kuna hitilafu ya maunzi, na ya 5 kwamba urekebishaji umeshindikana. Biti ya 4 iliwaka mtu alipobonyeza kitufe cha SRQ kilichokuwa mbele ya chombo, jambo la manufaa kwa fundi aliyetaka kuiambia kompyuta kwamba amekwisha kuunganisha kifaa kinachopimwa. Biti ya 7 ilitangaza kwamba umeme umewashwa. Ili kuchagua biti zitakazoleta ombi la huduma, programu ilituma herufi M ikifuatiwa na namba mbili za mfumo wa nane, si wa kumi. Huo ni mpango mzuri, ulioandikwa vizuri katika kitabu cha chombo. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa chombo hicho. Multimeta ya kampuni jirani ilikuwa na mpango wake, na hata vyombo viwili vya kampuni moja viliweza kutofautiana. Mhandisi aliyebadilisha chombo kimoja katika mfumo wa vyombo kumi alilazimika kuandika upya sehemu yote ya programu iliyoshughulikia makosa, na sehemu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kuijaribu, kwa sababu hufanya kazi siku mambo yanapoharibika tu. Wengi waliona ni heri kuacha kabisa. Programu zikawa zinatuma amri, zinasubiri sekunde kadhaa za kukisia, kisha zinasoma kilichopo.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha ilikuwa mapendekezo ya IEEE namba 728 ya mwaka 1982, yaliyogusa hasa jinsi ya kuandika namba na kumaliza ujumbe. Tektronix, mtengenezaji mkubwa wa osiloskopu, ilikuwa na kanuni zake za ndani za misimbo na miundo ya ujumbe, na uzoefu wake uliingia katika kazi iliyofuata. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1987. Kiwango cha zamani kilibadilishwa jina kuwa 488.1, kikibaki na nyaya na ishara zake, na juu yake kikawekwa kipya, 488.2, kilichoshughulikia lugha, utaratibu wa kubadilishana ujumbe, na hali. Kanuni yake kuu ya mazungumzo inastahili sifa: chombo kisikilize kwa uvumilivu na kiseme kwa usahihi. Kiliorodhesha amri 13 ambazo kila chombo lazima kizijue, zote zikianza na alama ya nyota. Katika hizo 13, nane zinahusu rejista za hali moja kwa moja: *CLS, *ESE, *ESE?, *ESR?, *SRE, *SRE?, *STB? na *OPC. Uwiano huo unaonyesha wazi ni wapi kamati iliona kidonda kilipo.

Katika mpango wa 488.2, baiti ya hali haikuwa tena mahali pa kurundika habari. Ilifanywa muhtasari. Biti ya 6 ilibaki ilipokuwa tangu mwanzo. Biti ya 4 ilipewa maana moja kwa vyombo vyote: kuna jibu kwenye foleni ya kutolea, linasubiri kusomwa. Biti ya 5 ilifanywa kuwa mwakilishi wa rejista nyingine nzima, iitwayo rejista ya kawaida ya matukio, yenye biti nane za kwake. Biti zilizobaki za baiti ya hali zinaweza kuwakilisha rejista nyingine za ziada. Huo ndio mti uliozaliwa 1987: majani mengi chini, kila tawi likikusanywa kuwa biti moja juu, na kilele chake kikiwa biti ya 6, ambayo ikiwaka hupiga hodi kwenye waya wa SRQ.

Biti nne za rejista ya kawaida ya matukio ni za makosa, na mgawanyo wake umefikiriwa vizuri. Biti ya 5 husema amri haikueleweka, yaani imeandikwa vibaya au chombo hakiijui. Biti ya 4 husema amri imeeleweka lakini haiwezekani, kama kuitaka jenereta itoe volti kuliko uwezo wake. Biti ya 3 ni ya matatizo ya chombo chenyewe. Biti ya 2 ni ya makosa ya kuuliza: programu imesoma bila kuuliza, au imeuliza kisha ikatuma amri nyingine kabla ya kuchukua jibu. Zamani kosa hilo la mwisho liliwafanya chombo na kompyuta wakae wakingojeana bila mwisho, kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake. Sasa chombo kililazimika kutupa jibu la zamani, kuwasha biti, na kuendelea. Biti ya 6 huwaka mtumiaji anapogusa vitufe fulani vya mbele. Biti ya 7 huwaka umeme unapowashwa. Biti ya 1, ya chombo kinachoomba kushika usukani wa mfumo, haikupata matumizi mengi.

Biti ya 0 ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote. Huwaka pale tu programu ilipotuma amri *OPC, na huwaka baada ya shughuli zote zilizokuwa zikiendelea kumalizika. Umuhimu wake unatokana na aina mbili za amri: zile ambazo chombo huzimaliza kabla ya kugusa inayofuata, na zile kinazozianzisha kisha kikaendelea kusoma nyingine, kama kufagia masafa kwa sekunde 30. Kwa aina ya pili, kupokea amri si kuimaliza. *OPC huacha alama ndani ya rejista. Ndugu yake *OPC? huweka tarakimu 1 kwenye foleni ya majibu wakati kazi imekwisha; na *WAI hukizuia chombo kisiguse amri inayofuata mpaka kiwe kimemaliza. Ya kwanza peke yake ndiyo inayoiacha kompyuta huru kufanya mambo mengine.

Rejista ya matukio ina tabia inayowachanganya wanafunzi wengi: huandika yaliyotokea, si yaliyopo. Kosa likitokea kwa kufumba na kufumbua, biti hubaki imewaka hadi mtu aisome. Na kuisoma huifuta. Amri *ESR? hurudisha thamani na kuiacha rejista ikiwa sifuri, ili tukio lilelile lisihesabiwe mara mbili. Faida yake ni kubwa, kwani hakuna tukio linalopotea kwa sababu programu ilikuwa ikitazama kwingine. Hatari yake ni kwamba sehemu mbili za programu zikisoma rejista moja, ya kwanza huondoka na habari na ya pili hukuta tupu. Baiti ya hali, kwa upande wake, haifutwi kwa kusomwa na *STB?; ni kioo cha rejista zilizo chini yake. Uhoji wa zamu una kanuni ya tatu: ukishafanyika, biti ya 6 huzimwa kwa maana ya kwamba hodi imeitikiwa, ingawa sababu yenyewe inaweza kuwa bado ipo. Ndiyo maana biti ya 6 inayoonekana kwa *STB? na ile inayoonekana kwa uhoji hupewa majina tofauti katika kiwango, MSS na RQS, na programu inayozichanganya huweza kusubiri ombi ambalo haliji tena.

Kuruhusu na kuzuia kulipewa rejista zake: *ESE kwa matukio, *SRE kwa baiti ya hali. Mfano ufuatao hutumika mara nyingi. Programu hutuma *CLS kufuta yaliyopita, *ESE 1 kuruhusu biti ya kumaliza, na *SRE 32 ili biti ya 5 ya muhtasari iweze kupiga hodi. Kisha huanzisha kipimo na kutuma *OPC. Kompyuta huendelea na kazi nyingine. Kipimo kikimalizika, waya wa SRQ hushuka, uhoji wa zamu hurudisha 96, ambayo ni 64 kujumlisha 32, na *ESR? hurudisha 1. Mwandishi mwangalifu hutumia *ESE 61 badala ya 1, kwa kuwa 61 ni jumla ya 1, 4, 8, 16 na 32: kumaliza pamoja na makosa yote manne. Asipofanya hivyo, amri iliyoandikwa vibaya haitaanzisha kipimo chochote, na biti ya kumaliza itawaka papo hapo kwa sababu hakuna kilichokuwa kikiendelea. Programu itasherehekea kipimo ambacho hakikufanyika.

Kamati ilifikiria pia umeme kukatika. *CLS haigusi rejista za kuruhusu, na *RST, inayorudisha mipangilio ya chombo mwanzo, nayo haizigusi. Kwa vyombo vyenye kumbukumbu ya kudumu, *PSC 0 huagiza kwamba hata kuzimwa kusizifute. Kwa njia hiyo chombo kilichopoteza umeme usiku wa manane, katikati ya jaribio la siku tatu, huwaka na kupiga hodi chenyewe, na kompyuta hujua kwamba mipangilio yote iliyokuwa imewekwa si ya kutegemewa tena. Ni kifungu kidogo katika kiwango, lakini kimeandikwa na watu waliowahi kupoteza data.

Bado 488.2 haikusema voltimeta iambiwe vipi ipime volti, wala biti ipi imaanishe kwamba chombo kinafagia masafa. Hewlett-Packard ilikuwa imeanza kuunganisha lugha ya vyombo vyake kwa jina la TMSL, na Tektronix ilikuwa na muundo wake wa kubadilishana data. Mwaka 1990 kampuni hizo pamoja na nyingine, zikiwemo Fluke, Keithley na National Instruments, ziliunda muungano na kutangaza SCPI, lugha moja ya amri kwa vyombo vya kupimia vinavyoweza kupangwa. SCPI ilijenga juu ya 488.2 bila kuibomoa. Katika baiti ya hali ilitumia biti ya 2 kwa foleni ya makosa, ya 3 kwa rejista ya mambo yenye mashaka, na ya 7 kwa rejista ya shughuli.

Rejista ya shughuli hueleza chombo kinafanya nini sasa: biti ya 0 kinajirekebisha, ya 1 kinatulia, ya 3 kinafagia, ya 4 kinapima, ya 5 kinasubiri kichocheo. Rejista ya mashaka ni wazo bora zaidi katika SCPI yote. Haisemi kwamba kuna kosa. Husema kwamba kipimo kipo lakini ubora wake si wa kuaminika, na hutaja upande gani: volti, mkondo, muda, joto, nguvu, masafa, fazi, au urekebishaji. Katika baadhi ya vyanzo vya umeme vya benchi, kwa mfano, biti ya 0 huwaka mzigo unapovuta mkondo kupita kikomo na chanzo kuacha kudhibiti volti. Hakuna kilichoharibika na hakuna amri iliyokosewa, lakini volti iliyoombwa si ile inayotoka. Sayansi ya upimaji imesisitiza daima kwamba namba isiyo na kauli kuhusu ubora wake haijakamilika, na hapa kauli hiyo ilipewa makazi ndani ya chombo chenyewe.

Kila moja ya rejista hizo mbili ilipewa ngazi nne. Kwanza rejista ya hali ya sasa, inayofuata ukweli wa wakati huo. Kisha vichujio viwili vya mabadiliko, kimoja cha kupanda kutoka sifuri hadi moja na kingine cha kushuka. Kisha rejista ya matukio, inayofutwa kwa kusomwa, na mwisho rejista ya kuruhusu. Vichujio ndivyo vilivyokuwa vipya. Anayetaka kujua ufagiaji umekwisha hahitaji habari za kuanza kwake. Huweka 8 kwenye kichujio cha kushuka na 0 kwenye cha kupanda, huruhusu 8, na hutuma *SRE 128. Ufagiaji ukiisha, biti ya 3 hushuka, tukio huandikwa, na uhoji hurudisha 192. Rejista hizi zina biti 16, lakini biti ya 15 haitumiki na husomwa sifuri daima, kwa kuwa kompyuta nyingi za wakati huo zingeisoma namba yenye biti hiyo kuwa hasi. Amri STATus:PRESet huzirudisha mahali pa kuanzia: kupanda kunapita, kushuka kunazuiwa, hakuna kinachoruhusiwa kupiga hodi.

Foleni ya makosa ilimaliza kazi iliyoanzwa na biti nne za 1987. SYSTem:ERRor? hurudisha namba na maneno ya kosa la zamani kuliko yote lililopo, na namba zimegawanywa kufuata biti zilezile: za hasi 100 ni za amri zisizoeleweka, hasi 200 za utekelezaji, hasi 300 za chombo, hasi 400 za kuuliza. Chombo kisichojua neno husema -113, kilichoombwa thamani nje ya upeo husema -222. Foleni ikijaa, kosa la mwisho hubadilishwa kuwa -350, yaani foleni imefurika. Programu iliyoandikwa vizuri huendelea kuuliza mpaka ipate 0.

SCPI ilitoa toleo lake la mwisho mwaka 1999, na baadaye kidogo usimamizi wake ukahamia shirika la viwango vya vyombo, IVI Foundation. Wakati huo kebo nene za GPIB zilikuwa zimeanza kuachwa, na swali likawa jinsi ya kuhamisha hodi na uhoji kwenye nyaya zisizokuwa na waya wa SRQ. VXI-11, itifaki ya mwaka 1995 ya vyombo kwenye mitandao ya TCP/IP, ilitoa wito wa mbali wa kusoma baiti ya hali, na kwa ombi la huduma ikakitaka chombo kifungue muunganisho wa kurudi kwa kompyuta. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri ndani ya maabara lakini ilizuiwa na kuta za usalama za mitandao zilipoenea. USBTMC ya mwaka 2003 iliweka ombi la kusoma baiti ya hali kwenye njia ya udhibiti ya USB, na hodi ikapita kwenye njia ya kukatiza.

Njia iliyo rahisi kuliko zote, soketi tupu kwenye bandari 5025, haina hata moja kati ya hayo mawili. Amri *STB? hupita humo kama sentensi nyingine yoyote, lakini chombo kilichozama kazini hakiwezi kuijibu hadi kiwe huru, na hodi haipo kabisa. Wanaoitumia hulazimika kurudi kwenye *OPC? na kusubiri, wakiongeza muda wa kikomo wa kusoma ili kipimo kirefu kisionekane kama kosa la mtandao.

IVI Foundation ilitoa jibu mwaka 2010 kwa HiSLIP, kwenye bandari 4880. Itifaki hii hufungua njia mbili za TCP kwa kila chombo, zote zikianzishwa na kompyuta, kwa hiyo kuta za usalama hazina la kuzuia. Moja hubeba amri na majibu kwa mpangilio; nyingine hubeba mambo yasiyongoja zamu, ikiwemo uhoji wa hali na ombi la huduma. Kutenganisha njia kulileta tatizo lake. Jibu la kipimo na swali la hali husafiri kwa kasi tofauti, na chombo kinaweza kudai kwamba kuna jibu linasubiri ilhali kompyuta imekwisha kulipokea. HiSLIP hulitatua kwa kuifanya kompyuta itaje, ndani ya kila swali la hali, namba ya ujumbe wake wa mwisho na kama imelipokea jibu hadi mwisho wake, na chombo hutumia habari hizo kuiweka sawa biti ya 4 kabla ya kuituma baiti.